Nairuzi bila machipuko

Kila mwaka ikifika Machi huwa naulizwa maswali mawili. La kwanza huja mwanzoni mwa mwezi: "Mbona siku hizi hatukuoni kibandani saa ya chakula?" La pili huja siku kumi na tisa baadaye: "Heri ya mwaka mpya? Upi tena, na Januari tumeshaimaliza na madeni yake yote?"

Nimeona bora nijibu yote mawili kwa pamoja. Ninyi mliokuja hapa kwa ajili ya programu tu, tulieni. Kuna kalenda humu, kuna jedwali, kuna saa za Tehran zenye nusu saa yake ya ziada, na kuna hitilafu ya mwaka mrefu iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja, tena hapa hapa pwani yetu. Dini itaingia katikati, lakini simhubirii mtu.

Kalenda yenyewe

Mimi ni Mbahai. Kalenda yetu inaitwa Badi. Iliwekwa na Bab, kijana mfanyabiashara wa Shiraz, Uajemi, aliyetangaza ujumbe wake Mei 1844 na kuuawa kwa kupigwa risasi mjini Tabriz tarehe 9 Julai 1850. Baha'u'llah, mwanzilishi wa imani yetu, akaithibitisha. Ukiitazama kwa macho ya mtu wa programu, kalenda hii ni safi sana:

- Miezi 19, kila mwezi una siku 19. Jumla 361.
- Siku 4 au 5 za kujazia, ziitwazo Ayyam-i-Ha. Zinakaa kabla ya mwezi wa mwisho na hazimo ndani ya mwezi wowote. Ni siku za karamu, zawadi na kuwakumbuka wasio nacho. Kwenye msimbo wangu nimezipa mwezi nambari 0.
- Mwezi wa mwisho, Ala, ni wa kufunga, tangu jua linapochomoza hadi linapozama.
- Kesho yake ni Naw-Ruz, siku ya kwanza ya mwaka.
- Siku haianzi saa sita usiku. Inaanza jua likizama.

Hakuna "siku thelathini zina Septemba", hakuna Februari ya kuonewa huruma. Miaka inahesabiwa kuanzia Machi 1844. Kama umezoea Unix kuhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, hii haitakushangaza. Kila kalenda ina sifuri yake, na sifuri hiyo ni mtu aliyeichagua.

Jambo lililonifurahisha nilipoanza kuandika majina ya miezi ni kwamba sikuhitaji kamusi. Yametoka Kiarabu, na Kiswahili kilishayachukua mengi zamani. Nur ni nuru. Rahmat ni rehema. Ilm ni elimu. Qudrat ni kudura. Qawl ni kauli. Masa'il ni masuala, yaani maswali. Mulk ni milki. Izzat imo ndani ya Mwenyezi. Mzungu Mbahai anakariri majina haya kama mtu anayejifunza lugha ngeni, na mama yangu aliyasikia mara moja akayashika yote.

Leo ni tarehe ngapi?

Sasa jaribu kuandika kanuni ndogo ya programu inayojibu swali hilo. Kwa kalenda ya kawaida unaiuliza kompyuta saa, basi. Kwa Badi, swali halina jibu mpaka ujue mambo mawili zaidi: muulizaji yuko wapi, na jua limeshazama pale alipo au bado. Saa moja usiku ya Nairobi tumeshaingia tarehe mpya, na mwenzetu aliye Accra bado yuko kwenye ya zamani, jua lake halijazama.

Wenzangu wa kazi huona hili ni jambo la ajabu. Mimi nadhani Mswahili ndiye mtu wa mwisho wa kulishangaa. Sisi husema "usiku wa kuamkia Jumatatu". Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza na jua likizama: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Simu zetu zinaonyesha 7:00 na sisi tunasoma "saa moja" bila hata kufikiri. Tumeishi na hesabu mbili kichwani miaka yote na hakuna aliyeugua.

Shida iko kwenye maneno. Nina programu ndogo inayowatumia watu wa eneo letu SMS kuwakumbusha Karamu ya Siku Kumi na Tisa, ambayo hufanyika mara moja kila mwezi wa Kibahai: sala kwanza, kisha mashauriano ya jumuiya, kisha chai na maongezi. SMS, kwa sababu wengi wa wazee wetu wanatumia mulika mwizi na hawana haja ya simu nyingine. Nilipokuwa najaribu maneno ya ujumbe, nilimsomea mama mmoja mzee wa Kangemi ambaye sote tunamwita Kukhu, ingawa si nyanya yetu wa damu.

"Kukhu, sikiliza hii. 'Karamu ni kesho.' Iko sawa?"

"Kesho ipi, mwanangu? Kesho yenu ya kompyuta au kesho yangu? Nikimaliza kupika jioni, mimi kesho nimeshaingia."

Tangu hapo hakuna neno "kesho" kwenye programu yote. Ujumbe unasema "Jumanne jioni, jua likizama", na unatoka saa nne asubuhi ili mwenye kupika apate nafasi ya kwenda sokoni. Nimesoma vitabu vingi kuhusu tarehe kwenye programu. Hakuna kilichonifaa kama lile swali.

Tehran inaingia

Hadi mwaka 2014, kwa Wabahai wa Kenya na wa sehemu nyingi za dunia, Naw-Ruz ilikuwa tarehe 21 Machi kila mwaka. Rahisi. Msimbo wake ni mstari mmoja.

Julai 2014 Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, baraza letu kuu lililoko Haifa, ikatangaza kwamba kuanzia Machi 2015 Wabahai wote duniani wangefuata kanuni moja. Naw-Ruz ni siku ambayo jua linavuka ikweta kuelekea kaskazini, yaani ule mlingano wa usiku na mchana wa Machi, kwa kipimo cha Tehran, mji aliozaliwa Baha'u'llah mwaka 1817. Tukio likitokea kabla jua halijazama Tehran, siku hiyo ndiyo Naw-Ruz, hata kama imebaki dakika moja. Likitokea baada ya kuzama, ni siku inayofuata. Ndiyo maana ilikuwa tarehe 21 Machi mwaka 2015, ikawa 20 mwaka 2016 na 2017, ikarudi 21 mwaka 2018 na 2019, na hivyo hivyo.

Mtu wa programu akisikia kanuni kama hii mikono inamwasha. Unahitaji vitu viwili tu: wakati wa mlingano na wakati wa jua kuzama Tehran. Cha kwanza kuna fomula nzuri kwenye kitabu cha Jean Meeus kuhusu hesabu za anga, kilichotoka 1991. Cha pili ni pembe kidogo za shuleni. Saa za Tehran ziko saa tatu na nusu mbele ya Greenwich, na mambo yakawa mepesi zaidi Iran ilipoacha mwaka 2022 kusogeza saa mbele wakati wa joto. Wikendi moja, kahawa mbili, kazi imekwisha.

Halafu unafika mwaka 2026.

Mwaka huo mlingano unaangukia tarehe 20 Machi, saa kumi na mbili na kama dakika 16 jioni kwa saa za Tehran. Jua la Tehran siku hiyo linazama saa kumi na mbili na... kama dakika 16 jioni. Vitu viwili vinakaribiana kiasi kwamba ukibadilisha kidogo tu namna unavyokadiria hewa inavyopindisha mwanga, au ukahamisha kipimo kutoka mtaa mmoja wa Tehran hadi mwingine, jibu linaweza kugeuka. Fomula yangu ilinipa jibu moja asubuhi na jingine jioni baada ya kuongeza usahihi wa longitudo!

Jedwali rasmi lilitolewa tangu mwanzo, la miaka 50, na linasema 2026 ni tarehe 21 Machi. Nikafuta fomula, nikaweka jedwali. Mistari 50 ya tarehe, hakuna pembe wala hewa.

Hili limenikaa moyoni kuliko nilivyotarajia. Mimi ni mtu wa kupenda jibu linalotoka kwenye hesabu. Lakini ukiishusha hesabu hadi kwenye sekunde, unakuta pale chini kabisa kuna watu waliokaa wakakubaliana, na watu wengine, mamilioni, walioamua kuyaheshimu makubaliano hayo ili wale pamoja siku moja. Sayansi inatufikisha mlangoni. Kuingia ndani ni kukubaliana.

Hatuna machipuko hapa

Ukisoma maelezo yoyote kuhusu Naw-Ruz utaambiwa ni sikukuu ya majira ya machipuko: theluji inayeyuka, maua yanatoka, dunia inazaliwa upya. Ni sikukuu ya kale ya Uajemi iliyokuwepo karne nyingi kabla ya Bab, na bado inaadhimishwa na watu wa dini mbalimbali kutoka Iran hadi Asia ya Kati. Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 2010 na kuipa tarehe 21 Machi.

Sawa. Lakini mimi niko Nairobi. Theluji ninayoifahamu ni ya kilele cha Mlima Kenya, asubuhi ambazo hazina mawingu. Machi kwetu si machipuko. Ni mwisho wa vumbi. Barabara za ndani za Kangemi na Kawangware zinakuwa za unga mwekundu, maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, na kila mtu anatazama juu akisema mvua imechelewa. Kisha jioni moja, mwishoni mwa mwezi, inapiga mabati kama mtu anayemwaga kokoto. Stima inapotea. Inaporudi, kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya nje na watoto wako chini na karai. Huo ndio mwaka mpya tunaouona kwa macho. Miaka mingine mvua inawahi Naw-Ruz, miaka mingine inaikosa kwa wiki kadhaa.

Kwa muda mrefu niliichukulia hiyo habari ya machipuko kama mtu anayevaa koti la kuazima. Linafaa, lakini mikono mirefu. Niliuona mwaka wetu kuwa mwaka wa kwao, na sisi wageni waalikwa.

Ile kazi ya msimbo ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Mlingano ni nini hasa? Si maua. Ni jua kuvuka ikweta. Na ikweta iko wapi? Nanyuki kuna kibao chake, na watalii wanapigiwa picha pale kila siku. Inapita Maseno. Inapita Kayabwe kule Uganda, kwenye barabara ya Masaka. Tehran wanaona matokeo ya tukio: joto linarudi, miti inachipua. Tukio lenyewe linatokea juu ya vichwa vya watu wa ikweta. Nairobi, iliyo zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini, jua linapita utosini kabisa mnamo tarehe 17 Machi, ndani ya siku za mwisho za mfungo. Simama Kencom siku hiyo kama saa saba kasoro dakika ishirini mchana, utazame chini. Kivuli chako kiko chini ya viatu. Hata lile sanamu la Tom Mboya pale Moi Avenue linakosa kivuli cha kuwafaa wapiga picha.

Na faida nyingine: kwa kuwa mfungo uko karibu na mlingano, urefu wa mchana hautofautiani sana kati ya nchi na nchi. Sisi tunafunga saa kumi na mbili, na ndugu zetu wa Ulaya nao wanakaribia hizo hizo. Hakuna anayebeba mzigo wa mwenzake.

Nairuzi ya kwetu

Tena neno lenyewe si geni. Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiswahili utalikuta: Nairuzi, siku ya mwaka. Mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu siku kuanzia Nairuzi kwa makundi ya siku kumi kumi, yaani miongo, ili wajue kaskazi inaisha lini, kusi inaingia lini, na shamba litifuliwe lini. Kalenda ya mwezi mwandamo ilitosha kwa ibada, lakini haikutosha kwa jahazi.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku hiyo ingali hai. Inaitwa Mwaka Kogwa. Wanaume wanapigana kwa magome ya migomba hadi hasira za mwaka mzima ziwatoke, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba, na mgeni yeyote anakaribishwa chakula. Lakini hufanyika Julai. Kwa nini Julai, kama ni Nairuzi ile ile iliyokuja na upepo kutoka Uajemi?

Hii ndiyo hitilafu niliyowaahidi. Kalenda ya zamani ya Uajemi ilikuwa na siku 365 kamili, bila siku ya kuongeza kila miaka minne. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo Nairuzi inarudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne hivi. Nilijaribu hesabu. Mfalme Yazdegerd wa Tatu alitawazwa mwaka 632, na kalenda yenye jina lake inaanzia Juni ya mwaka huo. Rudi nyuma siku moja kila miaka minne na kitu, kutoka 632 hadi leo, na unapita karibu mwaka mzima ukitua katikati ya Julai. Msimu wa Makunduchi.

Nilipoona jibu hilo kwenye skrini nilicheka peke yangu. Robo siku iliyosahauliwa, ikiachwa karne kumi na tatu, inahamisha machipuko hadi kipupwe. Na bado watu wa Makunduchi wanakwenda. Sikukuu ilipoteza majira yake yote, ikabaki na watu wake, na ikatosha.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwaka mpya wa Machi ni jambo la kigeni kwa Mwafrika wa Mashariki, namwambia aanze safari Makunduchi.

Machi ya watu watatu

Machi 2025 ilikuwa na mambo. Mfungo wetu ulianza tarehe 1, Ramadhani ikaanza karibu siku hiyo hiyo, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5. Ofisini kwetu Westlands, kwenye meza moja ya watu sita, tulikuwa watatu tusioonekana kibandani: mimi, mwenzangu wa Mombasa, na dada mmoja Mkatoliki aliyekuwa ameacha nyama na soda. Mwenye kibanda akauliza kama kampuni imefilisika.

Siku ilikwenda hivi. Kuamka saa kumi na moja na nusu, nduma au viazi vitamu na chai nzito kabla jua halijatoka, kama saa kumi na mbili na dakika 40. Sala fupi. Matatu ya kwenda mjini kama kuna shughuli mjini, au Westlands moja kwa moja. Mpaka saa sita akili iko wazi kuliko siku zote, na nadhani msimbo wangu bora wa mwaka mzima huandikwa saa hizo. Saa tisa hadi saa kumi na moja, usinipe kazi ya kufuta chochote kwenye seva.

Sheria zetu zina huruma. Anafunga aliye kati ya miaka 15 na 70 na mwenye afya. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha na mtu wa kazi nzito wamesamehewa, kwa hiyo ndugu zetu wa mjengo hawana deni. Msafiri wa zaidi ya saa tisa naye amesamehewa. Kuna jioni foleni ya Waiyaki Way inakaribia kunipa ruhusa hiyo :-)

Jioni nikiwa mjini nafungua kwa azana ya watu wengine. Msikiti wa Jamia unaita Magharibi, Banda Street nzima inasikia, na sekunde hiyo ni yangu pia kwa sababu jua ni lile lile. Siku moja nilikuwa kwenye matatu ya Kangemi iliyokwama kabla ya Museum Hill. Saa kumi na mbili na dakika 44, mzee aliyekaa dirishani akafungua mfuko wa tende, akaniona nimeshika chupa ya maji nikitazama saa. Akanipa tatu. "Ramadhani kareem, kijana." Nikapokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Kumweleza kwamba mfungo wangu ni mwingine kungechukua muda mrefu kuliko foleni, na tende zilikuwa tamu.

"Nyingine"

Naw-Ruz ya 2025 ilikuwa Alhamisi, tarehe 20 Machi. Toleo jipya la mfumo wetu lilipangwa kutoka Alhamisi hiyo hiyo.

Wabahai tuna siku takatifu tisa ambazo tunatakiwa kuacha kazi. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Toa tisa, ukiacha zile zinazoangukia wikendi, utaona mtu anabaki na nini cha kwenda nyumbani Desemba. Hakuna aliyenionea. Ni hesabu tu ya kuwa wachache. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda imani ya kila mtu na inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini. Lakini katiba haijazi fomu.

Fomu ya likizo pale kazini ilikuwa na orodha ya kuchagua dini: Mkristo, Mwislamu, Mhindu, Nyingine. Chini yake, nafasi ya sababu. Njia nyepesi ilikuwa wazi: andika "shughuli ya kifamilia", hakuna atakayeuliza, na Ijumaa unarudi kama kawaida. Najua Wabahai wengi wa Nairobi wanaofanya hivyo, na siwalaumu. Nani anataka kueleza miezi 19 kwa meneja ambaye ana toleo la kutoa?

Nilikaa na ile fomu karibu nusu saa. Nilikuwa nafikiria Tehran.

Mji ambao jua lake linaamua mwaka mpya wa kila Mbahai duniani ni mji ambao Mbahai hawezi kuisema imani yake bila hofu. Nyumba ya Bab kule Shiraz ilibomolewa mwaka 1979. Tarehe 18 Juni 1983, mjini humo humo, wanawake kumi wa Kibahai walinyongwa usiku mmoja. Mdogo wao alikuwa na miaka 17, na kati ya makosa yaliyotajwa ni kuwafundisha watoto masomo ya dini. Vijana wa Kibahai wamezuiwa kuingia vyuo vikuu kwa miongo kadhaa, na ndiyo sababu mwaka 1987 jumuiya ilianzisha chuo chake chenyewe, masomo yakifanyika sebuleni na kwa posta, na baadaye kwa intaneti. Kule fomu ina orodha ya dini pia, na kwa miaka mingi kujaza ukweli kumekuwa na gharama ambayo mimi siijui.

Hata hapa karibu. Kampala kuna hekalu letu kwenye kilima cha Kikaaya, lililofunguliwa Januari 1961, la kwanza Afrika. Mwaka 1977 Idi Amin alipiga marufuku dini yetu nchini Uganda, na hadi alipoanguka 1979 watu walisali nyumbani kwa sauti ya chini. Leo Kenya ina hekalu lake, Matunda Soy kule magharibi, lililozinduliwa Mei 2021, na hakuna aliyemwomba mtu ruhusa ya kusali.

Sasa mimi, niliye Westlands, kwenye kiti cha kuzunguka, niogope kisanduku?

Nikachagua "Nyingine" kwa sababu programu haikunipa njia tofauti. Kwenye sababu nikaandika: "Naw-Ruz, mwaka mpya wa Kibahai. Sifanyi kazi siku hii." Meneja akanipigia baada ya dakika tano.

"Hii Naw-Ruz si ni ya Wairani?"

"Ni ya Wairani pia, boss."

"Na toleo?"

Kabla sijajibu, mwenzangu wa Mombasa, ambaye alikuwa anasikia kila neno, akainua mkono. "Mwache aende bana. Alhamisi nashika mimi. Lakini Idd ni yeye."

Ikawa hivyo. Alhamisi nilikuwa Kangemi, nyumba moja ndogo yenye watu ishirini na wanane na sufuria mbili za pilau. Watoto walisoma sala kwa Kiswahili, Kiluhya na Kiajemi cha kukariri. Kukhu alikuwa amevaa leso mpya. Mwenzangu alitoa toleo akiwa amefunga, na halikuanguka. Idd ilipofika mwisho wa mwezi, nilishika zamu yake kuanzia asubuhi hadi usiku, na akaniletea kaimati kwenye mkebe wa siagi kesho yake.

Mwezi wa Aprili, bila mimi kuomba, mtu wa idara ya wafanyakazi alikuja mezani akaniuliza "Mbahai" inaandikwaje.

Basi, majibu kwa kifupi

Siji kibandani kwa sababu nimefunga. Mwaka mpya ni huu wa jua kuvuka ikweta, na ikweta ni yetu. Kwa wanaopenda kupanga zamu mapema: kwa jedwali, Naw-Ruz ni tarehe 21 Machi mwaka 2026 na 2027, na tarehe 20 Machi mwaka 2028 na 2029. Kila moja inaanza jioni iliyotangulia, jua likizama pale ulipo.

Ukiniona siku hiyo, niambie tu heri ya Nairuzi. Ni Kiswahili cha zamani kabisa.